Saa tisa usiku hakuna anayelinda mtaa wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililonalo tangu kaskazi ianze kuvuma mwezi Desemba. Mimi ni muuza vitumbua huku Mbagala, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii. Saa tisa kasorobo usiku nimeshaamka, natia iliki kwenye unga wa mchele ulioumuka, kisha natoka barazani kuwasha mkaa. Kwa hiyo usiku wa mtaa wetu naujua vizuri, pengine kuliko wanaotupangia ulinzi.

Usiku wa joto una desturi zake. Kuanzia Desemba mpaka masika yanapokaribia, nyumba zetu za tofali na bati hazipoi upesi. Watu wanakaa nje, watoto wanalia kwa vipele vya joto, na umeme ukikatika feni zikazima, basi mikeka yote inahamia barazani. Saa tano, saa sita, bado mtaa unazungumza. Ikifika saa nane hivi kaubaridi kanaingia, na hapo watu wote wanazama usingizini kwa pamoja, madirisha wazi, milango mingine ya uani imeegeshwa tu. Ni usingizi wa watu waliousubiri tangu saa tatu. Ukipita unasikia mikoromo nyumba hadi nyumba.

Sasa tazama zamu ya ulinzi shirikishi wa mtaa wetu. Inaanza saa nne usiku, inakwisha saa nane. Vijana wanazunguka na tochi na filimbi wakati sisi tuko macho tunapunga upepo, wanasalimia, wanaitikiwa. Tunapolala na wao wanakwenda kulala. Ninapowasha mkaa wangu saa tisa, hakuna mlinzi hata mmoja.

Wezi wameshalijua hilo. Tangu Desemba ianze, katika uchochoro wetu peke yake nyumba sita zimeibiwa, zote kwa namna ile ile: wavu wa dirisha umechanwa kwa wembe, fito yenye waya uliokunjwa kama ndoana imepitishwa katikati ya nondo, na kilicho karibu kikavuliwa kama samaki. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa genge, alikuwa anachaji simu kwenye soketi iliyo chini ya dirisha. Ilikwenda simu, ikaenda na suruali ya mumewe iliyotundikwa msumarini, ndani yake kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Asubuhi suruali tuliikuta mtaroni, mifuko imegeuzwa nje. Mwenye kusema "ni simu tu, atanunua nyingine" hajui kwamba mama huyu ndiye mhazini wa kikoba chetu, na hesabu zote alikuwa anaziweka humo. Mpaka leo wapo wanawake wawili hawasemezani naye.

Watu wakashauriana kuongeza nondo, na mafundi wa kuchomelea wamepata kazi kweli kweli mwezi huu. Nondo sizikatai, hata kwangu zipo. Lakini nimeona vyumba vimefungwa nondo nene zisizofunguka hata dirisha moja, na mlango ni huo huo mmoja. Moto ukizuka kwenye soketi usiku, watoto watatokea wapi? Nawaomba mafundi wasikubali kazi ya namna hiyo bila kuacha dirisha moja lenye kufuli na ufunguo ndani.

Niseme ninachokitaka. Nataka zamu ihamishwe. Miezi ya joto vijana waanze saa nane na kumaliza adhana ya alfajiri.

Sijalitoa kichwani tu. Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, joto bado kali, madirisha wazi vile vile. Katika uchochoro wetu hakuna dirisha lililochanwa mwezi mzima. Sababu niliiona kwa macho yangu: saa tisa na nusu wapiga daku wanapita na ngoma zao, taa zinawashwa, vyungu vinagongana, watoto wanatumwa kwa jirani kuomba chumvi. Hata majirani zangu Wakristo walikuwa wanaamka kwa kelele zile, wengine tukawa tunakunywa chai pamoja. Mwezi wa Shawwal ulipoandama ngoma zikanyamaza, na wiki hiyo hiyo duka la kona likavunjwa. Ramadhani nyingine inakuja. Tutapumua tena kwa siku 29 au 30. Lakini kwa nini tuitegemee ngoma ya daku kwa kazi ambayo kamati ya ulinzi imepewa?

Lililonifanya nichukue kalamu hasa si wizi. Ni lile lililotokea wiki mbili zilizopita, saa kumi usiku. Nilikuwa nageuza vitumbua vya kwanza niliposikia "Mwizi! Mwizi!" upande wa pagala. Nikaona kijana anakimbia na begi, nyuma yake wanaume saba au wanane, wengine vifua wazi, wengine wamefunga taulo, mawe mikononi. Jiwe moja lilishampata kisogoni. Alipoanguka karibu na jiko langu nikammulika usoni, nikamtambua. Ni mtoto wa uchochoro wa nne. Anashusha mizigo ya mboga sokoni usiku, kila alfajiri anapita kwangu kuchukua vitumbua vinne, na huniita bibi.

Nilisimama juu yake na ule mchuma wa kugeuzia vitumbua, mikono inanitetemeka, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Huyu wetu! Huyu wetu!" Begi lilipofunguliwa lilikuwa na nguo za kazi na kabichi mbili alizopewa na tajiri wake. Alishonwa nyuzi tano zahanati. Aliyerusha jiwe lile namfahamu. Ni baba mpole, mwenye kusalimia watu, ambaye wiki moja kabla alikuwa ameibiwa televisheni.

Mhariri, hapo ndipo ninapotaka viongozi watazame. Mtaa usiokuwa na mlinzi anayejulikana saa tisa usiku haukai bila ulinzi. Unalindwa na yeyote anayekurupuka usingizini na hofu yake na jiwe lake. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga, na akifa waliompiga wana kesi ya mauaji. Kijana wa zamu aliyefundishwa hayo, anayewajua wapita njia wa saa zile, angemwita mtoto yule kwa jina na mambo yakaishia hapo.

Wazee wenzangu wananiambia nyumba kumi zirudi. Nilikua wakati wa mjumbe wa nyumba kumi, mfumo ulioanza miaka ya 1960. Mgeni akilala kwenu aliandikishwa, na mjumbe alijua nani amesafiri na nani kafiwa. Uzuri huo naukumbuka. Lakini wajumbe wale, ambao tunawaita pia mabalozi, walikuwa wa chama tawala, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 walibaki wa chama kile kile. Uchochoro wetu umejaa wapangaji wa vyama vyote na wasio na chama, wengi hawamjui hata balozi. Daftari lirudi, ila liwe la serikali ya mtaa, na anayesafiri aandikishe mwenyewe kwa hiari. Desemba familia nyingi hapa zilikwenda Moshi, Songea na Mtwara kwa sikukuu, na nyumba mbili kati ya zile sita ziliibiwa wenyewe hawapo. Hakuna aliyetuaga. Tuliona giza tukadhani umeme wa luku umeisha.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ingawa inauma. Kila nyumba inachanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu Agosti hatujasomewa mapato na matumizi. Vijana wawili kati ya wanne wameacha kwa kutolipwa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko wote, leo anaendesha bodaboda. Simtuhumu mtu. Nataka hesabu ibandikwe ukutani ofisini, nani katoa, nani hajatoa, nani kalipwa kiasi gani, ili hata sisi tusiosoma haraka tusimame tuisome polepole.

Na wapo watu wa kuanzia, hawahitaji posho. Nimewahesabu tulio macho saa tisa usiku bila kulazimishwa: mimi, wakaanga chapati wawili, kondakta anayewahi daladala ya kwanza, muuguzi anayetoka zamu, na mzee anayefungua msikiti. Sisi hatutakwenda kukamata wezi, umri wangu hauruhusu na muuguzi kachoka. Lakini tunawajua wapitao. Tupeni filimbi, namba ya simu ya polisi wa kata yetu, na vijana wawili wa kuitikia tutakapopuliza. Nimezungumza na wote watano, wamekubali. Wenye nyumba wanaopakana na njia kubwa nawaomba wawashe balbu moja ya nje, ile ndogo ya wati tano. Taa ya baraza langu inafika mpaka kwenye mtaro, na upande huo hakujaibiwa.

Mkutano wa mtaa umeitishwa Jumamosi saa kumi jioni. Nitakwenda, na nitaomba ajenda hii iwekwe kabla ya ile ya michango ya sherehe. Waume wenye mazoea ya kuwatuma wake zao kusikiliza halafu wao wakalalamika kijiweni, safari hii waje wenyewe.

Yule kijana anaendelea na kazi yake ya sokoni, kidonda kimeanza kukauka. Bado anapita saa kumi. Ila siku hizi hapiti pembeni kama zamani. Anatembea katikati ya njia, polepole, kawasha tochi ya simu na kujimulika usoni mwenyewe, mpaka anafika kwao.

Muuza vitumbua,
Mbagala, Dar es Salaam