Ziwa Rutamba lisikatiwe miti kwa jina la utalii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee Ziwa Rutamba, hili la huku kwetu Lindi, maana kila nikisikia watu wanataja utalii wa kusini wanataja Kilwa Kisiwani, wanataja yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru ambaye Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakampeleka Berlin, basi wameishia hapo. Rutamba hakuna anayelikumbuka. Mimi naomba likumbukwe, ila kabla halijaanza kutangazwa tukubaliane kwanza jambo moja, ile miti mikubwa ya ukingoni isiguswe na mtu.

Nasema hivi kwa sababu ya nilichokiona wikiendi moja mwishoni mwa Oktoba. Tulikuwa familia kadhaa, majirani na watoto wetu, tumepanda Rondo, ule uwanda wa juu wa huku kwetu, kupiga kambi, mahema tumeazima, maji kwenye madumu, jiko la mkaa na sufuria nyuma ya kenta. Rondo kule juu usiku unajifunika na asubuhi hutaki kutoka. Sasa siku ya pili tukasema tushuke tukawaonyeshe watoto ziwa, aisee, kadiri tunavyoteremka ndo joto linapanda, njiani watu wako mashambani wanaokota korosho wamejifunga kanga kichwani, vumbi jekundu, hakuna upepo kabisa. Na huku kwetu kipindi hicho jua linapita utosini kweli kweli, ukisimama saa sita mchana kivuli chako mwenyewe unakikanyaga, huna pa kujificha mpaka upate mti au nyumba.

Ziwa ni zuri jamani. Maji mapana, pembeni mayungiyungi yamefunika, yangeyange weupe wamejipanga kwenye matete, na furukombe tulimsikia kabla hatujamwona. Lakini kwa jua lile maji yanameta mpaka macho yanauma, huwezi kuyaangalia muda mrefu. Watoto kuona maji tu wakaanza kuvua mashati. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anatengeneza mgono wake, ule mtego wa samaki wa kusuka, akawazuia, akasema wajukuu zangu humu kuna mamba, tena hapa hapa mnapotaka kuingia. Nasi tulikuwa na dada mmoja muuguzi akaongezea la kwake, kwamba hata pangekuwa hapana mamba kuna kichocho, na saa za mchana wa jua kali ndo mbaya zaidi maana konokono wa majini wanaachia vile vidudu kwa wingi muda huo na vinapenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi kitu. Kwa hiyo kuoga hakuna. Nalisema hili wazi ili anayepanga kwenda na watoto ajue, awe na maji yake ya kunawa na asimwache mtoto ukingoni peke yake.

Sasa kama kuoga huwezi, na juani hukai, unafanya nini ziwani mchana kutwa? Unakaa chini ya mkuyu. Yaani siku nzima yetu ilikuwa pale. Na si sisi tu, kila mtu alikuwa pale: wavuvi wanashona nyavu, mama mmoja anauza perege wa kukaanga na ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha, vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, mbuzi nao wamejibanza kwenye mizizi. Ukitoka hatua chache tu nje ya kivuli unasikia kichwa kinapigwa, ukirudi unapumua. Shikamoo mzee, marahaba, karibuni, mazungumzo yakaanza, wazee wakatusimulia maji yalivyokuwa yakijaa zamani na samaki gani wanapatikana msimu gani, watoto wakafundishwa kusuka mgono. Mambo hayo yote yasingekuwepo bila ule mti, tungepiga picha mbili tatu tukakimbilia kwenye gari.

Mbele kidogo tukaona sehemu ambayo miti imeshakatwa, visiki bado vibichi. Hapo hakukuwa na mtu hata mmoja, hata ndege hawakutua, udongo umepasuka na mvua ikija utaingia wote ziwani. Nani kakata sijui na sitaki kumnyooshea mtu kidole, ila iliniuma sana.

Kinachonitia hofu ni kwamba huku pwani nimeona mara nyingi sehemu ya kupumzikia ikianza "kuendelezwa" kitu cha kwanza kuletwa ni katapila. Wanasafisha miti yote, wanamwaga zege, halafu wanajenga vibanda vya bati. Bati kwa joto letu la Oktoba! Mgeni akae humo? Mkuyu ule kuupata tena ni mpaka wajukuu wa wajukuu. Na sheria ipo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, hivyo hoteli na baa zikae nyuma huko, watu watembee kwa miguu kwenda majini.

Halafu jirani na ziwa kuna msitu wa hifadhi wa Litipo, humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anapatikana Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Wazungu wanatoka mbali kumtafuta kwa tochi, watoto wetu wa Lindi hata jina hawajalisikia. Vijana wa Rutamba wakifundishwa kuongoza wageni usiku hapo ajira ipo, na haihitaji kukata kitu.

Ninachoomba ni vitu vidogo. Kibao barabarani kinachoonyesha njia ya ziwani, kingine ukingoni cha kuonya mamba na kichocho, choo cha maana mbali na maji, na serikali ya kijiji itunge sheria ndogo inayotaja mikuyu ya ukingoni kwamba haikatwi, si kwa mkaa si kwa mradi. Hilo la mwisho lifanyike mapema, kabla hajaja mwekezaji na ramani yake mkononi.

Msomaji wako,
Lindi Mjini