Mwandishi Afiche, Asidanganye: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako mzima na anakusalimu, wadogo zako wako shule. Hela ya matumizi nimeshaituma, naamini imekufikia.

Ama baada ya salamu, nakuja kwenye lile swali lako la juzi, maana simu ilikatika na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa meseji. Uliniuliza kwa nini ile riwaya ya upelelezi uliyoniachia nimeimaliza nikanuna. Ukasema wenzako bwenini wote wanaisifu kwa kuwa mwisho wake hakuna aliyeutegemea. Ni kweli, na hakuna ambaye angeweza kuutegemea. Muuaji anazuka kurasa za mwisho kabisa, tena ni pacha wa mtu, pacha ambaye hakuwahi hata kudokezwa. Hapo mwandishi hakunizidi akili, kaninyima habari tu. Mimi nilikaa naye hadi usiku wa manane nikikumbuka nani alikuwa wapi saa ngapi, nani alitaja barua kabla haijafunguliwa, kumbe yote hayo hayakuwa na kazi. Namtaka mwandishi afiche awezavyo. Lakini anachokijua mpelelezi, na mimi nikione.

Ndiyo maana huwa narudi kwa Agatha Christie, yule Mwingereza mwandishi wa riwaya za upelelezi, na wewe unayesoma famasia ilitakiwa uwe umeshamsoma zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, mji wa pwani alikozaliwa, na mtihani wa kazi hiyo akaufanya akafaulu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1920, na ndani yake mtu anauawa kwa striknini. Mambo ya sumu ile aliyaandika kwa usahihi hata Pharmaceutical Journal, jarida la wafamasia wa Uingereza, likamsifu. Siri sikutajii. Nitakwambia tu kwamba ufunguo wake umo ndani ya chupa ya dawa, na mwanafunzi kama wewe akisoma kwa utulivu anaweza kuupata kabla Poirot, mpelelezi wa humo, hajafumbua mdomo. Huko ndiko kumtendea msomaji haki.

Kuna kitabu kingine ambacho siri yake nitaitaja makusudi, kwa sababu kisa kilichokifuata ni kikubwa kuliko siri. Mwaka 1961 Christie alitoa The Pale Horse, na sumu ya humo ni thaliamu. Mwaka 1977, Christie mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, mtoto mdogo wa mwaka na nusu aliletwa hospitali ya London kutoka Qatar. Hali inazidi kuwa mbaya na madaktari hawajui anaumwa nini. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa anasoma kitabu hicho hicho. Akaona dalili za kitabuni na za mtoto zinafanana, nywele zinanyonyoka vile vile, akawaambia madaktari. Wakapima, kweli ni thaliamu. Mtoto akatibiwa, akapona, na madaktari walipokiandika kisa hicho kwenye jarida la kitabibu wakamshukuru Christie. Kila nikikisimulia mwili unanisisimka. Mtu aliandika hadithi ya kujiburudisha, lakini kwa kuwa hakudanganya hata kwenye nywele za mgonjwa, mtoto wa watu akapona.

Sasa usidhani utaalamu huu uko Uingereza tu. Uliniambia vitabu vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, vinakwenda polepole mno. Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja. Alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima wakati kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka 1960, baada ya kushika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58. Mpelelezi kampa herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe, akampa kiko na rafiki wa kufuatana naye, Najum. Aliyesoma visa vya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Kiingereza, na rafiki yake Watson atajua wamefananishwa na nani. Lakini wakishafika kwetu wanakuta mambo mengine. Maiti isiyo na kichwa inakutwa penye mzimu, na watu wako tayari kuutupia mzimu kesi yote, yaishe, kila mtu aende zake. Bwana Msa hakubali. Anataka kujua nani ni ndugu wa nani, nani alioa wapi kimya kimya, nani anarithi nini. Na habari za namna hiyo, mwanangu, hutoki kwenye gari ukamkazia mtu macho ukaambiwa. Unabisha hodi, unakaribishwa, unaulizwa hali ya nyumbani, unapewa kahawa, na katikati ya mazungumzo mtu anatoa neno ambalo hakukusudia kulitoa. Wewe ulizipita kurasa hizo haraka ukitafuta damu, na dalili zilikuwa humo.

Nasaba zake wakati mwingine zinanichosha, hilo nakubali. Kwenye Mke Mmoja Waume Watatu ni lazima niandike majina kwenye karatasi. Hata hivyo kila jina ninaloliandika linakuja kuwa na kazi yake.

Riwaya za mbio ni jambo jingine, hizo sizipimi kwa kipimo hicho hicho. Humo swali si nani kaua bali shujaa atawahi au hatawahi. Ninachodai ni kwamba hatari iwe hatari kweli. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilipotoka 1974, Msumbiji ilikuwa haijapata uhuru na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa hapa Dar es Salaam. Shujaa wake Willy Gamba akihangaika na nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, msomaji wa wakati ule alielewa bila kufafanuliwa ni nani watakufa zisipopatikana. Lisilonipendeza kwa Musiba, kama lisivyonipendeza kwa James Hadley Chase, Mwingereza mwandishi wa riwaya za namna hiyo, ni wanawake. Karibu wote wazuri kupindukia, na kila mmoja ama ni mtego, ama ni maiti, ama anamwangukia shujaa kwa kutazamwa mara moja. Ndiyo maana nampenda Miss Marple wa Christie. Bibi wa kijijini, anafuma sweta, hakuna anayejali kama yumo chumbani, naye anawasikia wote.

Kuhusu Gone Girl ya Gillian Flynn, hiyo ya 2012, niko upande wako. Mama yako mdogo haipendi, anasema hakuna hata mtu mmoja wa kumpenda mle ndani. Kweli hakuna. Lakini tazama alivyofanya: ile siri ambayo wengine wangeitunza hadi ukurasa wa mwisho yeye anaitoa katikati, halafu anakuacha unajua kila kitu na hofu haipungui hata kidogo. Huyo hanihitaji nishtuke ili nimheshimu. Niliirudia tangu mwanzo nikakuta kila alichokiweka kinasomeka upya.

Nimekutumia vitabu viwili kwa basi la Ijumaa. Anza na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, ya 1965, yenye Inspekta Wingo. Ni kifupi, utakimaliza hata kipindi cha mitihani. Kishike vizuri, jalada limeanza kuachia. Cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale, na safari hii usiruke salamu. Ukifika nusu funga kitabu, uniandikie unamshuku nani na kwa sababu gani. Usinipigie, andika, na tarehe uweke, ili usije ukaniambia baadaye kwamba ulijua tangu mwanzo.

Mama yako