Arobaini ikiisha tusiwaache marehemu wetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi mkazi wa Mikindani hapa Mtwara, mama yangu alifariki mwaka juzi, matanga yalijaa watu, arobaini tukasoma hitma tukala pilau na baada ya hapo kimya, kila mtu karudi kwenye korosho zake, hata kaburi sasa limeota majani.

Juzi nikawa nasoma mambo ya Wayahudi wanavyowaenzi wafu wao na kwa kweli yamenigusa sana. Wakishazika wafiwa wanakaa nyumbani siku 7 majirani ndo wanaleta chakula, hapo tunafanana kabisa. Ila kwa mzazi mtoto anaendelea kusoma dua yao inaitwa Kadishi kwa miezi 11, tena hasomi peke yake lazima wawepo watu wazima 10, yaani mfiwa anabebwa na wenzie karibu mwaka mzima! Na dua yenyewe haitaji kifo hata neno moja, ni kumtukuza Mungu tu. Halafu kila mwaka siku aliyofariki wanawasha mshumaa unaowaka masaa 24, wanatoa sadaka kwa jina lake, wakienda kaburini wanaweka kijiwe juu, ishara kwamba mtu kafika.

Sisemi tuige dini ya watu, sisi tuna dua zetu. Nachoumia ni hii miezi baada ya arobaini. Mimi na mdogo wangu Ijumaa hii tunaenda na jembe.

Msomaji wenu, Mikindani