Oktoba imekwisha, tusiiache sala ya jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wakatoliki wenzangu, hasa sisi wa Dar es Salaam tunaotoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wakiwa wameshakula.

Mwezi wa Rozari umepita. Oktoba nzima jumuiya yetu huku Mbezi ilisali kila jioni, nyumba kwa nyumba, na watu walikuja: dereva wa bajaji, mwalimu, fundi wa madirisha ya alumini, na mimi muuza vitenge wa Kariakoo. Waliochelewa waliitikia wakiwa wamesimama mlangoni. Novemba ilipoingia niliwauliza baadhi yao kama nyumbani wanasali jioni. Wakanijibu kwamba muda hakuna, wanarudi wamechoka. Lakini foleni ya Oktoba ndiyo hii hii, na kazi hazijabadilika.

Uchovu naujua. Duka tunafunga giza limeshaingia, na hapo bado kuhesabu mauzo na kurudisha majora kwenye rafu. Kisha ni mwendokasi kutoka Gerezani, mara nyingi nimesimama mpaka Kimara, halafu nisubiri gari la Mbezi. Jirani yangu wa duka ni Mwislamu. Adhana ya Magharibi ikilia, wateja wawepo wasiwepo, anatandika mkeka wake. Namheshimu sana kwa hilo, naye ana uchovu kama wangu.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku, kwa hiyo nyumbani anayeongoza sala ni mama mkwe. Tunasali saa tatu, vyombo vikiwa bado havijaoshwa. Mtoto wetu mdogo akifika kwenye Kanuni ya Imani huwa ameshalala, tunamwacha. Sala ya jioni tuliyofundishwa tangu utotoni si ndefu. Na kama siku imekuwa nzito, ifupisheni: Baba Yetu moja, Salamu Maria moja.

Ila kuna mahali nawasihi msipafupishe. Ni pale tunaposema: tuwaze katika moyo wetu makosa ya leo, tuliyomkosea Mungu kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Hapo tunatakiwa tunyamaze tufikiri. Katika nyumba nyingi nilizosali hatunyamazi. Tunaunganisha moja kwa moja na Nakuungamia, sala ya kukiri makosa, kwa pumzi ile ile, na kazi ya siku nzima inapita bila kutazamwa.

Sisi wa biashara tuna mengi ya kutazama pale. Mteja ameambiwa rangi haichuji na aliyemwambia anajua itachuja. Kijana wa kubeba mizigo alipatana elfu mbili, mwishoni amepewa elfu moja mia tano kwa sababu hana pa kushtaki. Dada wa kazi amefokewa asubuhi kwa ajili ya chai, na kutwa nzima amelea watoto wa aliyemfokea. Mzazi kijijini amepiga simu mara mbili, hakuna aliyempigia. Mambo haya usipoyakumbuka jioni ile ile, ikifika Jumapili yameshasahaulika, na kwenye kitubio cha kabla ya Noeli unabaki kusema tu kwamba ulikuwa na hasira. Ya yule kijana wa mizigo hayatajwi kabisa, wala hela yake hairudi. Aliyeyawaza jioni anaweza kumtafuta kesho yake akamlipa.

Mtume Paulo anawaambia Waefeso kwamba jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Katika Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za Kanisa za saa mbalimbali za siku, Kanisa limeyaweka maneno hayo kuwa somo fupi la sala ya kabla ya kulala kila Jumatano, katikati ya wiki ya kazi. Wala tusidhani sala hizo ni za mapadre na watawa peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwahimiza walei, yaani waamini wa kawaida, nao wazisali.

Siku hizi pia wapo wanaofungua sala iliyorekodiwa kwenye simu, ikawa inasema yenyewe huku wao wakipakua chakula. Kwa mgonjwa kitandani, au mtu aliye peke yake, inasaidia. Lakini nyumba yenye watu watano wenye sauti isali kwa sauti zake. Simu haiwezi kuwaza makosa yako ya leo.

Nina maombi mawili. Wenyeviti wa jumuiya, msituwekee vikao vya michango jioni za siku za kazi. Saa hiyo ndiyo pekee tuliyobaki nayo na watoto. Na kwa kuwa Majilio, kipindi cha kujiandaa na Noeli, yanakaribia, tukubaliane kwamba kwa majuma yale manne kila familia itasali sala ya jioni nyumbani kwake, hata kama ni baba na mtoto mmoja tu waliopo. Tukikutana Jumamosi asubuhi, tuulizane kama ilisaliwa, kwa bidii ile ile tunayoulizana nani hajatoa zaka.

Muuza vitenge,
Kariakoo, Dar es Salaam