Sarafu Juu ya Barafu: Barua kwa Mwanangu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa, mama,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Unaujua mwezi wa saba wa hapa, asubuhi mtu anaikumbatia mbabula, jiko la makala ya moto, kama mtoto wake. Juzi ulipompigia mama yako kutoka Bukavu kuhusu ile friza mliyonunua na njegere za soko la Mudaka zilizoshuka bei, simu ilikatika pale pale maneno yalipokolea. Akanigeukia: "Si wewe fundi wa frigo? Muandikie jinsi ya kugandisha mboga. Mimi nitakaa hapa nikusahihishe." Kwa hiyo ukikuta mahali barua imekuwa kali ghafla, ujue ni yeye.

Nianze na aibu yangu. Ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Mteja mmoja alishindwa kunilipa, akaniachia friza ya sanduku, ya lita kama 300. Nikajiona tajiri. Jumamosi hiyo hiyo nikaenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na kurudi na maharagwe mabichi ya maganda, karoti na mahindi mabichi, magunia mawili kwenye mkokoteni. Tulikata, tukaosha, tukajaza kwenye mifuko, tukafunga kifuniko. Nikawaambia majirani kwamba mwaka huu fundi hanunui mboga.

Baada ya miezi miwili mama yako akatoa mfuko wa maharagwe. Yalikuwa na rangi ya kaki. Yalinuka nyasi kavu, na mdomoni yalitafunika kama kamba ya kiatu. Mimi nikasema gesi imepungua. Nikaifungua mashine, nikapima, nikatoa gesi, nikaweka nyingine, nikabadilisha na mpira wa mlango ambao haukuwa na kosa lolote. Mama yako alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniangalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Frigo imepona. Mboga je?"

Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye sufuria ambayo hatukuiteleka.

Sikiliza sasa. Mboga ikishachumwa haijafa. Ndani yake mna vimeng'enya, vile vitu vinavyoivisha, vinavyolainisha na hatimaye kuozesha. Baridi ya friza inavipunguza mwendo tu, haivizimi. Kule gizani vinaendelea kula rangi na ladha kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Kinachovizima ni moto. Ndiyo sababu mboga nyingi lazima ziingie kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha zihamie mara moja kwenye maji baridi sana. Hapo si kupika. Ukitoa njegere na kuitafuna, iwe bado inakataa kidogo kwenye jino.

Maji yawe mengi. Kwa nusu kilo ya mboga, lita 4. Kwa majani, lita 8. Utaona ni uharibifu wa makala, lakini sababu ipo: ukitia mboga, maji lazima yarudi kuchemka ndani ya dakika moja. Yakikawia, mboga inaloweka badala ya kuungua upesi, na hapo vimeng'enya vinafurahia uvuguvugu kuliko hata kama usingefanya kitu. Kwa hiyo nusu kilo, toa, nusu kilo nyingine. Maji yale yale yanatumika tena na tena. Mama yako ana mfuko alioushona kwa kitambaa chepesi cha pazia. Anautumbukiza na kuuvuta kwa kamba, hakuna kuvua njegere moja moja na kijiko.

Dakika zinahesabiwa tangu maji yarudi kuchemka, na hapa kuna jambo lako wewe la Bukavu. Vitabu vimepima dakika zake kwa watu wa chini, karibu na bahari, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Sisi hapa tuko kwenye mita kama 1,200, yetu yanachemka kwa 96 hivi. Ninyi mko mita 1,500 na zaidi kila unavyopanda mlima, yenu ni 95 au chini yake kidogo. Ukivuka mita 1,500, unaongeza dakika moja. Njegere zinazoandikiwa dakika moja na nusu, kwako ni mbili na nusu. Maharagwe ya maganda ni tatu, wewe hesabu nne. Karoti zilizokatwa vipande ni mbili, kwako tatu. Mahindi ukitaka punje tu, chemsha gunzi zima dakika nne, ongeza yako moja, lipoe, ndipo ukate punje kwa kisu. (Maharagwe yako makavu kukataa kuiva pia ni habari ya mlima huo, ingawa mama yako bado anadai unanunua makala mabaya.)

Maji ya kupoza ndiyo yanayowashinda wengi. Mboga ikitoka motoni na kuachwa kwenye chujio, inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Muda uliotumia motoni, tumia huo huo kwenye ubaridi. Barafu ya kununua ni ghali, na maji yake hujui yametoka wapi. Fanya hivi: siku moja kabla, jaza chupa za plastiki za soda kwa maji, uache nafasi ya vidole vitatu juu kwa sababu barafu inavimba, zigandishe. Siku ya kazi ziweke chupa hizo ndani ya beseni la maji safi. Zikilegea, unazirudisha kwenye friza, hujapoteza hata tone. Nitazirudia chupa hizi chini, zina kazi ya pili.

Baada ya hapo, kausha. Mama yako anataka niandike neno hili kwa herufi kubwa: KAUSHA. Tandaza kwenye kitambaa safi, geuza, kandamiza taratibu. Maji yanayobaki juu ya mboga yanakuwa barafu, na barafu inazigandanisha njegere ziwe jiwe moja ambalo utalipiga kwa mchi siku unayotaka kikombe kimoja tu. Zikishakauka, zitandaze kwenye sinia zisigusane, ziingie friza hivyo hivyo. Baada ya saa chache utazisikia zikigongana kama kokoto. Ndipo unazitia mfukoni. Mfuko uwe mzito, si hii ya sokoni inayopasuka ukiitazama. Hewa iondoe yote: funga mdomo wa mfuko ukiacha tundu, ingiza mrija, vuta kwa mdomo, kaza. Hewa ikibaki inakausha mboga ndani ya baridi. Utaona madoa meupe yaliyonyauka. Hayana sumu, lakini hayana ladha. Andika mwezi kwenye kila mfuko. Utajiambia utakumbuka. Hutakumbuka.

Sasa mashine, maana hapa hakuna wa kunisahihisha. Mnasema ni ya lita 200. Siku moja usiingize zaidi ya kilo 8 za mboga mpya. Kipimo ni kama kilo 4 kwa kila lita 100. Mimi na magunia yangu mawili nilifanya mara nyingi zaidi ya hapo. Ukijaza vitu vya joto vyote pamoja, vinaganda polepole, na maji yakiganda polepole yanatengeneza fuwele kubwa za barafu zenye ncha, zinachoma nyama ya mboga kutoka ndani. Ukiyeyusha, maji yote yanamwagika na unabaki na kitambaa. Kuganda kwa haraka kunaleta fuwele ndogo. Kwa hiyo nunua kwa siku mbili tatu, si kwa siku moja, hata kama bei inakutekenya. Baridi iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Mashine ikae mbali na mbabula na mbali na dirisha la jua, iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili ipumue.

Na umeme ukikatika? Usifungue. Mpokonye hata mume wako mkono. Friza iliyojaa vizuri inahifadhi baridi yake karibu siku mbili, saa 48, ikiwa kifuniko hakijainuliwa. Iliyo nusu ni saa 24. Hapo ndipo chupa zako zinapofanya kazi ya pili: kila nafasi tupu ijaze chupa za barafu, mashine iwe imejaa hata kama mboga ni chache. Umeme ukirudi, nao usiuamini haraka. Mara nyingi unarudi na nguvu nyingi, unashuka, unapanda. Tangu unakatika chomoa waya, na ukirudi subiri dakika kumi. Kompresa, ile pampu ya gesi ya friza, ikizimika, gesi inabaki imebanwa upande mmoja na inahitaji dakika kadhaa kutulia. Ukiiwasha kabla, mota inasukuma ukuta. Nusu ya kompresa zilizoletwa hapa kwangu zimeungua ziliuawa na watu waliofurahia umeme kurudi.

Lakini hautakuwa nyumbani kila wakati, na mboga ikiyeyuka usiku ikaganda tena asubuhi huwezi kuijua kwa macho. Friza haiui vijidudu, inavilaza tu. Vikipata joto vinaamka na kuendelea pale vilipoishia. Kwa hili nina dawa niliyoitumia kwa wateja wote. Chukua kikombe, tia maji, gandisha. Juu ya barafu weka sarafu, urudishe kikombe ndani. Ukirudi safari, tazama. Sarafu ikiwa juu, kula kwa amani. Ikiwa imezama katikati, kuna kitu kiliyeyuka kidogo, pika upesi. Ikiwa iko chini kabisa ya kikombe na barafu imeifunika, yote yaliyeyuka. Tupa, na usimpe jirani.

Kuhusu unachotaka kugandisha, mimi na mama yako tumegombana kidogo, nikuambie upande wangu. Usigandishe lengalenga, yaani mchicha. Lipo mwaka mzima, bei yake haisumbui, na mtu anayelipia umeme kutunza kitu anachoweza kukinunua jioni anajitafutia sifa tu. Matembele vilevile. Nafasi yako ipe njegere, maharagwe ya maganda, karoti, mahindi mabichi, vitu vinavyokuja kwa wingi halafu vinapotea. Nyanya zikishuka, ndiyo: zitumbukize maji ya moto nusu dakika, zivue ganda, gandisha nzima. Zitakuwa za mchuzi tu, saladi usahau. Pilipili hoho na vitunguu havitaki maji ya moto, kata, tia mfukoni. Tango na majani ya saladi usijaribu, yatakutoka kama maji ya kuoshea.

Mama yako anasema sombe, yale majani ya muhogo, lazima. Kwa sombe nakubali, kwa sababu ya kutwanga: unatwanga siku moja, unakula wiki nne. Ila usigandishe mbichi ukadhani baridi imefanya kazi. Majani ya muhogo yana sumu yake, na inayoiondoa ni kinu na moto mrefu. Twanga, chemsha kama siku zote, bila mafuta wala karanga, ipoe, kisha gandisha kwa vifungu vya mlo mmoja. Mafuta utatia siku ya kula.

Bibi yako hakuwa na friza, alikausha majani ya kunde na maboga juani, na bukari yetu, yaani ugali, haikukosa mboga. Siku umeme wenu ukiwa mbaya mno, rudi kwake. Jua halikatiki.

Mboga zikitoka friza usiziyeyushe mezani, zitie moja kwa moja kwenye sufuria ya moto. Muda wa kuiva utakuwa mfupi, zilikwisha onja maji ya moto. Ukizitunza vizuri zinadumu miezi 8 hata mwaka, lakini mama yako anasema anaujua mdomo wako, hazitafika Krismasi.

Sarafu nimeifunga ndani ya karatasi hii. Ni makuta 5 za mwaka 1967, ilikuwa ya babu yako, na imeshakaa kwenye friza nyingi za mji huu kuliko mtu yeyote. Usimpe mtoto aichezee. Ioshe kwanza.

Baba yako