Hela ipo, rimu bado

Kaka Kulwa,

Salama huko? Mama shikamoo yake, Doto hongera zake za mapema za harusi, na yule mjomba wa Igoma mwambie deni lake nalikumbuka, asijifiche. Sisi huku wazima, joto tu, na umeme unakuja ukijisikia. Ningekupigia, lakini wewe kwenye simu ni "sawa dada, sawa dada", halafu unafanya la kwako. Bora niandike. Usome mpaka mwisho.

Hela yako imefika yote. Rimu za hiyo Toyota Altezza yako sijanunua.

Usipandishe sauti kwanza. Nilikwenda Shaurimoyo, hapa Dar, kama ulivyoniagiza, kwa yule yule wa kwenye picha. Rimu zipo, na kwa macho ni nzuri, sitakudanganya: inchi 19, upana nane na nusu, mikono sita, rangi ya shaba, stika za TE37 zimebandikwa kila penye nafasi. Kijana anaapa ni za Japani halisi. Nikamuuliza kama anajua hiyo 37 inatoka wapi. Hajui. TE37 za kweli, za kampuni ya Rays, ni za kufuliwa, yaani aluminiamu iliyobanwa kwa nguvu, si za kumiminwa kwenye kalibu. Zilitoka 1996, na hiyo 37 ni uzito, ile ya inchi 15 ilikuwa kilo 3.7. Sasa hizi za kwako nimeshindwa kuinua moja kuiweka juu ya meza. Nikageuza upande wa ndani nitafute alama ya JWL, ile ya viwango vya usalama vya rimu vya Japani, hakuna. VIA, ya kuthibitisha kwamba imepimwa, hakuna. Hata namba ya mzigo inaoweza kubeba hakuna. Stika tu, Kulwa.

Basi nikasema wavue tairi moja. Walinung'unika kama nimewaomba figo, lakini wakavua. Kwenye ukingo wa ndani kuna mstari wa kuchomelea, mrefu kama kidole changu cha kati, umepakwa rangi ya juzi juzi. Nikamwonyesha. Unajua alichojibu? "Dada, hiyo ni alama ya kiwandani." Bei ikashuka laki tatu hapo hapo, mimi sijafungua mdomo tena.

Na hili la kuchomelea usilichukulie kirahisi, najua Bakari atakwambia rimu yake imechomelewa na bado inatembea. Aluminiamu ya rimu hupitishwa kwenye joto maalumu kiwandani ili ikaze. Fundi akija na moto wake ule ukazo unapotea pale alipogusa, na pembeni yake. Inaweza kukaa miaka, inaweza kuachia siku ya kwanza unapodaka shimo. Hakuna anayejua, na yule kijana ndiye wa mwisho kujua.

Matairi yenyewe aliyoyasifia, "kashata zimejaa, dada": kashata, yale meno ya tairi, zimejaa kweli. Nikasoma zile tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni, 0715. Maana yake lilitengenezwa wiki ya saba ya mwaka 2015. Ni tairi lililozeeka bila kutembea, na lina vijiufa vidogo kule chini karibu na rimu.

Lakini tuseme zingekuwa mpya, zimefungwa kwenye nailoni, zina kila alama. Bado nisingenunua. Ugomvi wangu na wewe ni hiyo 19.

Altezza yako ilitoka na inchi 17, tairi 215/45, yaani upana milimita 215 na ubavu asilimia 45 ya upana huo. Ubavu wa tairi hapo ni karibu milimita 97. Ukivaa 19 na tairi la 225/35, ubavu unabaki milimita 79. Umenyang'anywa milimita 18 za mpira na upepo, ndizo zinazosimama kati ya rimu na kila jiwe la Mwanza. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipeleka ile njia ya kwa shangazi yako juu kule, unakumbuka tulivyoshuka kusukuma? Kwenye lami nzuri 19 ni raha, gari linakata kona kama limechorwa. Ukiingia kwenye shimo ubavu mfupi hauna pa kujikunja, unabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, na kimojawapo kitakubali kuumia. Ikiwa bahati ni pancha. Isipokuwa bahati ni lile nundu la ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, na hilo halizibwi na fundi yeyote, ni kutupa.

Ukiniambia 18, tunaongea. Kwa 225/40 ubavu ni milimita 90. Umepoteza saba tu badala ya 18, na madigadi yamejaa vilevile. Mtu akisimama hatua kumi hajui kama ni 18 au 19. Wewe tu na Bakari mtajua.

Halafu Doto kakuchongea. Anasema umekata springi. Kulwa! Umekata springi za gari ambalo watu wengi wanalitafuta likiwa bado na za kwake! Nilinyamaza kidogo nisije nikasema la kusema. Sasa piga hesabu pamoja na mimi: 19 zile zina ofseti 35, zako za kiwandani ni upana 7 na ofseti 50 (ofseti ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari; ikipungua, rimu inatoka nje). Ukingo wa nje unatoka milimita 34 zaidi ya ulipo sasa. Tairi lenyewe ni refu kwa karibu milimita 15, na bodi umeishusha kwa msumeno. Unadhani tairi litapumzika wapi ukipakia watu wanne wenye suti? Juu ya madigadi. Utakuwa unasikia kwaaa kwenye kila tuta, na harufu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Najua haya yote ni ya harusi. Unataka bwana harusi ashuke kwenye gari lililotulia, na pacha wako ni mmoja tu, sikulaumu. Lakini nyumbani kwa bibi harusi ni ndani huko baada ya Sengerema. Mpaka Kigongo lami, daraja la Busisi mtapita kama wafalme, siku hizi hakuna tena kusubiri kivuko na samaki wa watu miguuni. Kisha mkishaipita Sengerema mnaacha lami. Wewe ndiye uliyeniambia barabara ile inachanwa na mvua, sikuitunga. Msafara wote usimame juani, kina mama na vifijo vyao, kwa sababu gari la bwana harusi limekaa juu ya jeki? Na spea unayo ya saizi gani? Na nati zake?

Nati nazo. Rimu za kununua nyingi zinataka nati za koni, na si lazima za kiwandani zikae sawa humo. Ukifunga za aina tofauti zinashika juu juu, unakaza, unaona zimekaza, kumbe zinacheza. Na spea yako ya zamani itataka nati zake za zamani. Kwa hiyo zile za zamani usiuze, usimpe mtu, zikae kwenye buti ndani ya soksi hata kama ni soksi ya kanisani.

Jingine dogo, ila ndilo linalowatesa wengi halafu wanasingizia alaimenti. Tundu la katikati. Habu ya Altezza, kile kitovu rimu inapokaa, ni milimita 60.1, rimu nyingi za kununua zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi. Ule uwazi unajazwa na ringi, ya plastiki ngumu au aluminiamu. Bila ringi, rimu inategemea nati peke yake kukaa katikati, na ukifika mia stelingi inaanza kutetemeka. Watu wanapiga balansi mara tatu, wanabadilisha bushi, wanabadilisha shokapu, kumbe ni ringi. Yule wa Shaurimoyo nilipomtajia ringi akanitazama kama nimeongea Kiarabu.

Narudi kwenye 19, maana najua utasema "gari langu lina nguvu". Lina nguvu, ndiyo. Injini ile ya Beams, farasi 210, lakini wapi? Kwenye mzunguko wa 7,600. Msukumo wake mkubwa unakuja 6,400. Chini ya hapo ni gari la lita mbili kama mengine. Ukilifunga rimu nzito za kumiminwa na tairi refu zaidi, umelibebesha uzito mahali pabaya, palipo nje kabisa ya gurudumu, ambapo injini inapaswa kuuzungusha na breki zinapaswa kuusimamisha kila mara. Tena tairi refu ni sawa na kuirefusha gia. Kupanda Bugando utakuwa unatafuta gia ya pili pale ulipokuwa unapita na ya tatu. Watu waliotengeneza gari lile, 1998 mpaka likachaguliwa gari la mwaka kwao Japani, walitaka liwe jepesi kugeuka, na lile dashibodi lake la mfano wa saa ya mkononi lilikuwa kwa ajili ya mtu anayeendesha, si anayetazama akiwa baa. Nimeshaanza kuhubiri. Nisamehe, unanijua.

Na tochi za trafiki. Kwa zile 19 spidomita itapungukiwa kama asilimia mbili na nusu. Ukiona 80 unaweza kuwa unakaribia 82. Si kitu kikubwa, ila wewe hukai kwenye 50 vijijini hata spidomita ikiwa sahihi, na elfu thelathini zile hazikubali maelezo ya ofseti.

Sasa nilichopata. Gerezani, kwa mzee mmoja anayeuza vilivyotumika, ana seti ya inchi 18, upana 8, ofseti 45, matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3. Ukingo wa nje utatoka kama milimita 18 tu, ndani utaingia kama nane. Zina JWL, zina VIA, zimechubuka kingo mbili kwa kukwaruzana na kingo za barabara, rangi ni ya fedha iliyochoka. Nilizipeleka kwa fundi wa jirani azizungushe kwenye mashine kabla ya kukubali neno lolote: tatu zimenyooka, ya nne inacheza kidogo sana, anasema ifungwe nyuma na hutaisikia. Ndani hakuna kuchomelea, nimepitisha ukucha zote nne. Si za kufuliwa, nisikudanganye, ila ni nyepesi kuliko yale mawe ya Shaurimoyo. Hizi nilibeba mbili mwenyewe mpaka kwenye bajaji.

Matairi hana. Tutanunua mapya, 225/40R18 yenye namba ya mzigo 92 na XL, yaani yaliyoimarishwa, kila moja linaweza kubeba mpaka kilo 630. Ila XL inataka upepo zaidi kidogo kuliko tairi la kawaida ili ibebe mzigo uleule, kwa hiyo usimwachie mtoto wa sheli ajaze kwa kukadiria. Hela uliyotuma inatosha rimu, ringi na nati, na inaingia kwenye matairi mawili na kitu. Mawili yaliyobaki ni wewe, au tumshike yule mjomba wa Igoma.

Rangi tutapaka shaba ukitaka. Hilo siwezi kukunyima.

Kingine, kabla sijasahau, yule dada wa ofisi ya kamati ya harusi amenipigia tena kuhusu mchango, sauti ya juu kabisa, kana kwamba mimi ndiye ninayeoa. Mwambie Doto amtulize. Nitatoa. Nitatoa mwisho wa mwezi. Na kitenge cha sare kimekuwa cha kijani tena? Si tulisema zambarau? Haya.

Nijibu haya, moja moja, usiruke:

Springi umekata za mbele tu au zote nne? Zile za awali ziko wapi, umeuza? Kama zipo zirudishe kabla ya kufunga chochote. Breki bado ni za kiwandani au Bakari ameshaziingilia? Ukigeuza stelingi mpaka mwisho sasa hivi, tairi linagusa popote? Kuna mtu huko Mwanza mwenye mashine ya alaimenti inayofanya kazi, au ni yule wa kamba? Spea iliyoko kwenye buti ni ya saizi gani, soma ubavuni uniandikie yote, na zile tarakimu nne pia. Na harusi bado ni tarehe ileile, au ukoo wa Sengerema wameisogeza tena?

Basi la Mwanza linapakia mzigo Ijumaa usiku. Mzee wa Gerezani anazishikilia mpaka Alhamisi saa kumi kwa sababu nimemwachia kitambulisho changu, na bila kitambulisho siwezi kutoa hela ya mtu yeyote popote, ikiwemo yako.

Dada yako,
Zuhura