Vivimbe vya ovari haviyeyushwi kwa chupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme machache kuhusu tiba za asili za tatizo ambalo hospitalini huandikwa kwa kifupi PCOS, na ambalo mitaani tunaliita vivimbe kwenye ovari au homoni kuvurugika. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, na nimeishi na hali hii kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo ninayoyaandika mengine nimeyasoma, mengine nimeelezwa kliniki, na mengine yamenipata mwenyewe.

Jumamosi moja binti wa jirani yangu, mwenye miaka ishirini na mmoja, alinikuta jikoni nachambua mchele. Alikuwa amebeba kikapu chenye chupa tatu za maji za lita moja na nusu zilizobanduliwa nembo, zimejaa dawa ya rangi ya kahawia iliyoacha machicha chini, pamoja na karatasi ya majibu ya ultrasaundi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amelipa shilingi 180,000, fedha aliyokuwa akiitunza anunulie cherehani. Ameambiwa anywe kikombe asubuhi na jioni kwa siku 21, vivimbe vitayeyuka, kizazi kitasafika na homoni zitakaa sawa. Akaniuliza, "Mwalimu, nianze na ipi?" Nami nikamwuliza hedhi yake ya mwisho aliiona lini. Hakukumbuka. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla yangu, si yule aliyemwuzia chupa wala, nasikitika kusema, yule aliyempiga ultrasaundi.

Nadhani jina lenyewe ndilo linalotuponza. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokosa hedhi au kuipata kwa nadra, ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zenye vijifuko vingi, na jina la ugonjwa likashikamana na kile kilichoonekana kwa macho. Lakini vijifuko vile si vivimbe kwa maana tunayoijua sisi. Ni mayai machanga, kila moja ndani ya kifuko chake, yaliyoanza kukua yakasimama njiani kabla ya kupevuka. Hakuna uvimbe wa kuyeyusha pale, wala hakuna uchafu wa kusafisha. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam mwaka 2003, mtu mzima huhesabiwa kuwa na tatizo hili akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio kwa sababu yai halipevuki ipasavyo, homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, nywele za kichwani kupungua, au kipimo cha damu kuonyesha hivyo), na ovari zenye vijifuko vingi. Hesabu hiyo ina maana kwamba mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa huu ovari zake zikiwa safi kwenye picha, na mwingine akawa na vijifuko tele bila ugonjwa wowote. Kwa msichana ambaye bado yuko katika umri wa kubalehe, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri ultrasaundi isitumike kabisa kumpa jina hilo, kwa kuwa ovari za umri ule huwa na vijifuko vingi kwa kawaida. Tena kabla ya kufika huko daktari hupaswa kuhakikisha kwamba si tezi ya shingo wala homoni ya maziwa inayoleta vurugu hiyo.

Kinachoendesha tatizo hili kwa wengi wetu ni insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya chembe za mwili. Mwili usipoisikia vizuri, kongosho huzidisha kuitoa, na insulini ikizidi kwenye damu huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, huku ikilifanya ini lipunguze ile protini inayozishika homoni hizo zisitembee ovyo. Yai linakwama, hedhi inapotea, ndevu zinaota. Dalili mojawapo ya insulini kuzidi ni ngozi ya nyuma ya shingo na ya kwapani kuwa nyeusi na nene kama mahameli. Miaka mingi niliisugua shingo yangu kwa dodoki na ndimu, mama akidhani sikogi vizuri, mpaka muuguzi mmoja aliponigeuza shingo kwenye mwanga wa dirisha akaniambia niache kujichubua, nikapime sukari.

Ndiyo maana nasema ninaunga mkono tiba ya asili, ila ile yenyewe. Kwanza ni chakula. Zamani kifungua kinywa changu kilikuwa chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi matatu, na ikifika saa nne nilikuwa natetemeka kwa njaa darasani, basi natuma mwanafunzi akaninunulie soda. Chupa ndogo ya soda nyingi zetu ina sukari gramu thelathini na kitu, sawa na vijiko vya chai saba au zaidi. Sasa nakunywa chai kavu, au ya tangawizi bila sukari, pamoja na kiporo cha maharage na yai la kuchemsha, na saa nne inanipita bila kuniona. Usiku nusu ya sahani ni matembele, mchicha au mnafu, robo ni dagaa, kunde au choroko, na ugali wa dona ni wa ukubwa wa ngumi yangu mwenyewe, si ngumi ya mume wangu. Wataalamu walioandika mwongozo nilioutaja hawakuona mlo mmoja unaoushinda mwingine kwa tatizo hili, kwa hiyo yule anayekuuzia orodha ya vyakula vya PCOS kwa shilingi elfu hamsini amekuuzia kitu ambacho shangazi yako wa kijijini anakijua bure. Kilicho muhimu ni mlo ambao utauweza mwaka mzima, pamoja na misiba, ngoma na pilau za harusi zake.

Pili ni kuutumia mwili. Mwongozo unataka walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhemehe kidogo, na siku mbili za kazi inayotumia nguvu za misuli. Misuli ikifanya kazi huichukua sukari kwenye damu hata insulini isiposikika vizuri, na hiyo ndiyo sababu mazoezi yanasaidia hata kama mizani haijashuka. Mimi hushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, na Jumamosi na Jumatano nachota maji mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Wanene kati yetu wakipunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito, mara nyingi hedhi huanza kurudi. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo nne hadi nane, si lazima awe mwembamba. Hapa naomba niseme na wale wanaosema "punguza mwili tu, utazaa": wapo wanawake wembamba kabisa wenye tatizo hili, na wapo wanene ambao mwili wenyewe, kwa insulini hiyo hiyo, unang'ang'ania usipungue. Kumsimanga mtu kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yake, sahani ikiwa mkononi, hakujawahi kumpevusha mtu yai.

Nilianza nikiwa na kilo 84. Kwa miezi saba nilipunguza kilo sita, na hedhi iliyokuwa ikija mara mbili kwa mwaka ikawa inakuja kila baada ya siku arobaini hivi. Nimezoea kuiandika kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba. Ndevu za kidevuni hazikuondoka, nazinyoa. Sikuacha vidonge vya metformini, dawa ya kisukari niliyoandikiwa, na kwa hiyo siwezi kudai kwamba kazi yote ilifanywa na matembele.

Tukija kwenye mitishamba na viungo, nisingependa nieleweke kama mtu anayedharau maarifa ya bibi zetu. Hiyo metformini yenyewe ina ukoo na mmea, Galega officinalis, uliotumika tangu zamani huko Ulaya. Kemikali yake ilisomwa, ikaonekana ina sumu, ikatafutwa ndugu yake aliye salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari. Mmea ulipimwa, kipimo chake kikajulikana, madhara yake yakaandikwa kwenye karatasi inayokaa ndani ya boksi. Uwatu na mdalasini vimeonyesha dalili ya kushusha sukari kidogo katika majaribio madogo. Chai ya nanaa ilijaribiwa Uingereza kwa wanawake wapatao arobaini kwa siku 30, na homoni za kiume zilipungua kwenye damu, lakini wapimaji hawakuona tofauti kwenye nywele zenyewe, kwa kuwa unywele huishi miezi mingi kabla ya kudondoka. Hayo ni mambo ya kutia moyo kiasi, na anayependa kutia nanaa kwenye chai yake atie. Lakini mdalasini ulio mwingi madukani ni ule wa magome manene, wenye kemikali ya kumarini inayoweza kudhuru ini ukiubugia kwa vijiko kila siku, na uwatu mwingi ukichanganywa na dawa za kisukari unaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Chupa ya binti wa jirani haikuandikwa lolote: haina jina la mti, haina kipimo, haina tarehe. Na kuhusu kujifukiza au kuingiza vijifuko vya dawa sehemu za siri "kuvuta uchafu", dawa hizo hazizifikii ovari hata siku moja. Kinachofika ni michubuko na maambukizi.

Kuna jambo wauzaji hawa hawalisemi kwa sababu halina faida kwao. Mwanamke ambaye hajakoma hedhi, si mjamzito, hanyonyeshi wala hatumii uzazi wa mpango, akikaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi anapaswa kumwona daktari. Watu husema damu chafu imejikusanya, haijajikusanya popote. Ni ule utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaoendelea kunenepa bila kubanduka, na ukiachwa hivyo miaka na miaka unaongeza hatari ya saratani ya mfuko huo. Vidonge vya projesteroni vya siku chache kila baada ya muda huulinda. Siku 21 za kungojea dawa iyeyushe vivimbe, zikifuatiwa na siku 21 nyingine kwa kuwa ya kwanza "haijashika", ni namna ya kumpotezea mtu mwaka.

Na hofu inayowapeleka wengi kwa wauzaji hao tunaijua sote: mtoto. Mama mkwe anauliza, wifi anauliza, na hata konda akikuzoea atauliza. Neno ugumba linatamkwa upesi mno. Kwa wengi tatizo liko kwenye kupevuka kwa yai, na kwa hilo dawa zipo. Katika utafiti wa wanawake 750 uliochapishwa mwaka 2014 nchini Marekani, waliopewa letrozoli walijifungua kwa asilimia 27.5, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa dawa ya zamani ya klomifeni. Si miujiza, lakini ni hesabu iliyopimwa, na dawa hiyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari, mume naye akiwa amepimwa. Kinyume chake pia kipo: mwanamke aliyeanza kula vizuri na kutembea anaweza kupevusha yai mwezi asioutarajia, na asiyetaka mimba wakati huo asidhani PCOS ni uzazi wa mpango.

Ombi langu ni kwa watu wa aina mbili. Kwanza ni kwako, Mhariri, na wenzako wa redio: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao, basi kabla tangazo la kusafisha kizazi halijachapwa, mtangazaji aulizwe namba yake ya usajili, na namba hiyo ichapwe kwenye tangazo lenyewe ili msomaji aweze kuiulizia. Pili ni kwa wenye vituo vya ultrasaundi vinavyoongezeka kila mtaa: msimkabidhi binti karatasi iliyoandikwa PCOS kwa herufi kubwa na kumwacha aende nayo mlangoni, ambako anayempokea kwanza ni mwenye chupa. Mwandikieni aende kwa daktari wa wanawake, apimwe shinikizo la damu na sukari, maana kisukari cha ukubwani hutuandama sisi mapema kuliko wengine.

Binti wa jirani alikwenda Jumatatu, bila kula, akapimwa. Sukari yake ni nzuri bado. Homoni ya tezi ya shingo ndiyo iliyokutwa chini, jambo ambalo chupa tatu zile zisingeligundua, na sasa anaanza matibabu yake. Fedha yake hajarudishiwa.

Msomaji wako,
Mwalimu, Kihonda, Morogoro